Klosa ya kushika mlango: kwanini haidumu, na ushike wapi badala yake

Pita Ngamiani asubuhi maduka yakishafunguliwa, barabara yoyote ile, angalia milango ya aluminiamu. Juu kuna klosa imefungwa, yaani kile kiboksi chenye mkono kinachoufanya mlango ujifunge, nyingine mpya kabisa inang'aa, na chini kuna jiwe. Au kipande cha tofali, au dumu la maji. Yaani mtu kalipa hela ili mlango ujifunge wenyewe alafu analipa tena kwa jiwe ili usijifunge. Wapo wanaosema huo ni ushamba, mie siafiki hata kidogo. Mwenye duka ana mahitaji mawili na yote ni ya kweli: mchana anataka wateja waone pako wazi na upepo uingie, jioni au akiwasha AC anataka mlango ufunge bila yeye kuamka kwenye kiti. Kosa ni la kile kifaa alichouziwa, kwamba kinafanya la kwanza au la pili lakini hayo yote mawili kwa pamoja kinayafanya vibaya.

Nimefunga milango mingi hapa Tanga, na swali linalorudi kuliko yote ni hili hili: fundi, mbona ile klosa ya kushika, ile inayotakiwa pia kuuacha mlango wazi ukitaka, haishiki tena? Kulijibu vizuri inabidi tufungue lile boksi kwanza.

Ndani ya boksi la klosa kuna springi nene na pistoni inayotembea kwenye mafuta. Pistoni ina meno ubavuni, meno yamekamatana na gia ndogo, na shina la hiyo gia ndo lile linalotokeza nje likafungwa mkono. Ukifungua mlango, mkono unazungusha gia, gia inasukuma pistoni, pistoni inakandamiza springi, na mafuta yanapita kwenda upande wa pili bila shida kwa sababu kuna vali inayoruhusu upande huo. Ukiachia, springi inataka kurudi kwa kishindo lakini sasa mafuta yamefungiwa ile njia pana, yanalazimika kupenya kwenye vitundu vyembamba, basi mlango unarudi pole pole. Zile skrubu mbili unazoziona ubavuni zinabana hivyo vitundu, moja inatawala mwendo wa mlango kwa ujumla na nyingine inatawala kile kipande cha mwisho pale mlango unapogusa fremu na kitasa kinatakiwa kiingie. Ukizirekebisha zungusha kidogo kidogo, robo mzunguko alafu ujaribu, na usiifungue skrubu mpaka itoke maana mafuta yatamwagika na klosa ikishamwaga mafuta hiyo ni ya kutupa. Na kama mlango wako saa nane mchana unafunga haraka kuliko saa moja asubuhi, usidhani umerogwa, mafuta yakipata joto yanakuwa mepesi yanapita kirahisi zaidi.

Springi ndo inafunga, mafuta ndo breki. Hapo hakuna chochote kinachoshika. Kushika kumeongezwa baadaye, na kwenye klosa nyingi za bei ya kawaida kumewekwa kwenye kiungo cha mkono. Ukifungua hicho kiungo unakuta gololi au kipande cha chuma kina springi ndogo nyuma yake, na mbele yake kuna kishimo. Mlango ukifika nyuzi 90 hivi gololi inadumbukia kwenye kishimo na mlango unasimama, ukiuvuta kwa nguvu gololi inatoka kishimoni na klosa inaendelea na kazi yake. Nyingine hazina hata kishimo, ni msuguano mtupu wa nati iliyokazwa. Ikiwa mpya inafanya kazi vizuri tu na mteja anafurahi, baada ya miezi kadhaa mlango unaanza kusimama nusu nusu, unasita, unajifunga wenyewe mteja akiwa katikati, na hapo ndo jiwe linapoitwa.

Kwanini inachakaa hivyo? Mafundi wengi watakwambia ni ya Kichina. Hiyo sio sababu, maana kifaa kilekile ukikifunga ndani ya jengo kwenye korido kinakaa miaka. Sababu ni mahesabu ya nguvu, na naomba unifuate taratibu hapa maana hapa ndo penye mzizi wa maneno yote.

Kuna kiwango cha Ulaya kinaitwa EN 1154, hicho ndo kinachopanga klosa kwa saizi 1 mpaka 7, zile namba unazoziona kwenye boksi. Saizi 3 ni ya mlango wenye upana mpaka milimita 950 na uzito wa kilo 60 hivi, yaani mlango wa kawaida wa duka. Kwa saizi hiyo, mlango ukiwa umekaribia kufungwa klosa inatakiwa isukume kwa nyutoni-mita (kipimo cha nguvu ya kuzungusha, nyutoni zidisha kwa umbali toka kwenye bawaba) kati ya 18 na 26, na ukiwa wazi nyuzi 90 isukume angalau 6. Unaona hapo kwamba mlango ukiwa wazi kabisa springi haina nguvu nyingi kwenye mlango, kwa sababu ya jinsi mkono ulivyokunjika. Sita tu. Kushika kitu cha nyutoni-mita 6 sio kazi kubwa, na ndo maana dukani wakikuonyesha klosa inashika vizuri sana.

Lakini dukani hakuna upepo. Leta mlango huohuo kwenye nyumba inayoangalia bahari, Raskazone au kule Chumbageni, mwezi wa saba kusi likiwa limekolea. Chukua upepo wa mita 8 kwa sekunde, yaani kama kilomita 29 kwa saa, wala sio dhoruba, ni upepo wa kawaida wa mchana. Upepo huo ukigonga ubao uliosimama unasukuma kwa paskali 38 hivi, yaani nyutoni 38 kwa kila mita ya mraba. Mlango wa sentimita 90 kwa mita 2 na sentimita 10 una eneo la karibu mita za mraba 1.9, kwa hiyo unasukumwa kwa nyutoni kama 72, uzito wa kilo 7. Nguvu hiyo unaweza kuihesabu kama inasukuma katikati ya mlango, sentimita 45 toka kwenye bawaba, zidisha hapo unapata nyutoni-mita 32. Ongeza na 6 za springi, unafika 38. Yaani upepo peke yake umeizidi springi zaidi ya mara tano, na ile gololi ilipangiwa kupigana na springi, hakuna aliyeiambia habari za kusi.

Sasa angalia gololi yenyewe imekaa wapi. Kipenyo cha kile kiungo ni sentimita chache, kwa hiyo toka katikati yake mpaka ilipo gololi ni kama sentimita moja na nusu. Nyutoni-mita 38 ukizishikia kwenye sentimita moja na nusu unahitaji nguvu ya nyutoni 2,500 na zaidi, uzito wa kilo 250. (Hesabu kamili inabadilika kidogo kutokana na mkunjo wa mkono lakini haibadiliki sana.) Ndo maana ukingo wa kishimo unalika, unakuwa mviringo, gololi haina pa kung'ang'ania tena. Hata kama ingekuwa chuma kizuri namna gani ingelika, maana kila upepo unapotingisha mlango inasagana palepale kwenye eneo dogo kuliko kucha, na chumvi ya hewani ikishaingia kutu inamalizia.

Haya, mshike mlango huohuo kwenye ncha yake, upande wa kitasa, sentimita 85 toka kwenye bawaba. Nyutoni-mita zilezile 38 gawanya kwa mita 0.85, unapata nyutoni 45. Kilo nne na nusu! Toka kilo 250 mpaka kilo nne na nusu, mlango uleule, upepo uleule, na hujanunua chochote cha maana zaidi ya kusogeza mahali pa kushikia. Kama huamini hesabu nenda sasa hivi kwenye mlango wowote ulio karibu, mwambie mtu ausukume upande wa kitasa kwa kidole kimoja na wewe uuzuie kwa kiganja karibu na bawaba.

Kwa hiyo ninachowaambia wateja siku zote ni hiki: klosa iache ifanye kazi ya kufunga, kushika kuwe kifaa kingine, kikae mbali na bawaba. Usinunue klosa ya kushika kwa mlango unaoangalia bahari, nunua klosa ya kawaida nzuri, na ile hela iliyobaki weka kwenye mshiko wa pembeni. Wazee wetu walilijua hili bila klosa, tazama madirisha ya mbao ya nyumba za zamani za mjini hapa, zile bawa mbili zinazofunguka nje, kulabu yake ya kushikia ukutani haiko karibu na bawaba, iko kwenye ncha. Miaka mingapi ya kusi na kaskazi na kulabu ni kijiti cha chuma tu.

Kulabu inafaa hata leo kwa mlango unaofunguka mpaka ukutani. Shida yake ni kwamba inaachia kwa mkono tu, mtu ainame aitoe, na upepo ukizidi haiachii, inang'oa skrubu. Ndo maana mie napendelea sumaku. Sumaku ina tabia nzuri moja, ikigusana na chuma inashika sana, ikitengana milimita chache tu nguvu inaporomoka, kwa hiyo ukiuvuta mlango kwa kitasa unasikia umekatika ghafla alafu klosa inauchukua taratibu bila kukwama nusu njia. Hakuna kinacholika, hakuna cha kupaka grisi.

Ila kwa pwani chagua sumaku kwa akili. Zile ndogo zenye nguvu sana zinazong'aa, za niodimiamu, zimepakwa nikeli juu na ndani yake zinaoza vibaya. Zikishagongwa na chuma mara kadhaa nikeli inachubuka, hewa ya chumvi inaingia, zinavimba na kumomonyoka kama biskuti. Ile nyeusi ya ferite, ya aina iliyo nyuma ya spika, haishiki kutu kabisa kwa sababu yenyewe tayari ni oksidi ya chuma. Ni dhaifu kuliko ile nyingine kwa ukubwa uleule, lakini umeshaona tunahitaji kilo nne na nusu tu, tuseme kilo saba au nane tuwe na usalama, na ferite ya ukubwa wa kiganja cha mtoto ikiwekwa ndani ya kikombe cha chuma inazifikia. Kile kibati cha chuma cha upande wa pili, kinachoshikwa na sumaku, ndo upake rangi ya kuzuia kutu vizuri. Ikiwa mshiko umezidi, yaani mama mtu mzima hawezi kuuvuta, kata kipande cha tyubu ya baiskeli, hapa Tanga hakikosi, kibandike juu ya kibati. Unene wa tyubu moja unapunguza mshiko sana, na faida ya pili sumaku haigongi chuma kwa chuma.

Kitu kimoja ambacho mafundi wenzangu wengi wanakiruka: urefu wa kuiweka. Klosa iko juu ya mlango, inavuta kufunga kwa juu. Ukiweka mshiko sakafuni, juu kunavutwa kufunga na chini kumezuiwa, mchana kutwa, kila siku. Mlango wa mbao nzito utavumilia, mlango wa aluminiamu uliounganishwa kwa riveti pembeni utajikunja taratibu mpaka siku moja unaona kona ya juu inagusa fremu kabla ya chini. Kama ukuta uko nyuma ya mlango, weka sumaku juu, usawa wa klosa. Kama mlango unasimama nyuzi 90 hewani kwenye baraza hakuna ukuta, basi itabidi iwe sakafuni, na hapo iwe pembeni isikwaze watu miguu, hasa wazee.

Na stopa ya mpira pia weka, hiyo ni kazi tofauti. Upepo mara nyingine hausukumi kufunga, unasukuma kufungua zaidi, na kama hakuna cha kuuzuia mlango unavuka ulipotakiwa kuishia, mkono wa klosa unapinda au skrubu zinang'oka kwenye aluminiamu. Klosa nzuri zina breki ya mafuta upande wa kufungulia lakini hiyo inapunguza kishindo tu, haibebi mlango.

Wapo wanaoamua kutatua kila kitu kwa springi kali, klosa saizi 5 kwenye mlango wa saizi 3. Mlango unafunga kweli hata kusi likivuma, lakini nani ataufungua? Kule Marekani kanuni za majengo kwa ajili ya walemavu zinataka mlango wa ndani wa kawaida ufunguke kwa nyutoni 22.2 tu, na uchukue sekunde 5 au zaidi kutoka nyuzi 90 mpaka nyuzi 12. Sie huku hatujibani namna hiyo, lakini fikiria bibi aliyebeba mjukuu na mfuko wa dawa, au mtu wa kiti cha magurudumu, anapambana na mlango unaomrudia usoni.

Tena kwa watu kama hao mara nyingi kinachotakiwa hata sio mshiko. Jiulize kwanza, mlango unataka ukae wazi kwa muda gani? Kama ni mtu apite na mzigo, zipo klosa zenye vali ya tatu ya kuchelewesha. Ukiufungua mlango mpaka nyuzi 90 unakaa kama umesinzia, sekunde 20 au hata dakika nzima ukitaka, alafu wenyewe unaanza safari ya kurudi. Inafanya kazi kwa mafuta yaleyale, hakuna gololi hakuna kishimo, upepo ukiusukuma hauvunji kitu. Kwa zahanati, maduka ya dawa, ofisi ambazo watu wanaingia na makaratasi mikono yote miwili, hiyo ndo dawa na inashangaza kwamba watu wachache sana wanaiulizia. Ukienda dukani omba uonyeshwe kama ina skrubu tatu au zaidi na ile ya kuchelewesha ni ipi, wasikwambie zote ni moja.

Kwenye milango ya vioo yenye springi ya chini ya sakafu mambo ni mengine kidogo, mshiko wa nyuzi 90 uko ndani kwenye mafuta umechongwa kwenye chuma kinene kwa hiyo haulikiliki ovyo, adui yake ni maji ya kudekia yanayoingia kwenye lile boksi kila asubuhi. Ziba ukingo wa kifuniko kwa silikoni na udeki toka ukutani kwenda nje, basi.

Sasa kuna mlango ambao yote niliyosema juu ya jiwe, kulabu na sumaku ya kawaida hayaruhusiwi, nao ni mlango wa kuzuia moto. Ile milango mizito ya kwenye ngazi na korido za hoteli, hospitali, hosteli na majengo ya ghorofa. Kazi yake ni kuzuia moshi na moto usivuke, na inafanya hiyo kazi ikiwa imefungwa tu. Nikiona mlango wa namna hiyo umewekewa kabari ya mbao roho inaniuma kweli, maana watu waliolala juu wanaitegemea ile ngazi na moshi unapanda haraka kuliko mtu anavyoamka. Kama lazima ukae wazi mchana, kuna sumaku ya umeme ya volti 24, inafungwa ukutani usawa wa juu wa mlango na imeunganishwa na kengele ya moto. Kengele ikilia umeme wa sumaku unakatwa, mlango unaachiwa, klosa inaufunga. Na umeme wa Tanesco ukikatika vilevile unaachia, ndivyo ulivyotengenezwa, mfumo ukiharibika unaharibikia upande wa usalama. Watu wakichoka kuufungua upya kila umeme ukikatika wanarudi kwenye kabari, kwa hiyo muulize anayekufungia mfumo wa kengele kama sumaku zinakula betri ya mfumo huohuo, mkatiko mfupi wa umeme usiwasumbue.

Na hiyo sumaku ya umeme ndo iliyonipa wazo kwa milango ya kawaida. Kuna mama ana duka la dawa Makorora, alinisimamisha akiwa na shida ya mlango wa wavu. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Hebu nambie, mie mchana nataka mlango wazi wateja waingie, ikifika magharibi nasahau, nashtukia mbu wamejaa nimo nahudumia watu. Hakuna mlango unaojua saa?" Upo. Sumaku ndogo ya umeme ya volti 24 juu kwenye ncha ya mlango, adapta yake, na katikati taima ya kuchomeka ukutani. Unaipanga ikate saa kumi na moja na nusu jioni. Huku kwetu jua linazama kati ya saa kumi na mbili na saa moja kasoro mwaka mzima, halichezi sana kama nchi za mbali, kwa hiyo ukiipanga mara moja umeipanga. Mbu wa malaria wanauma zaidi usiku, mlango unakuwa umeshafunga kabla hawajaanza zamu. Chukua taima yenye betri ndani ili umeme ukikatika isipoteze saa, na sumaku yenyewe inakula umeme kidogo tu.

Waya uupitishe ndani ya fremu ya aluminiamu, toboa kitundu chini ya klosa na ukiwekee kipande cha mpira, ncha ya aluminiamu isikate ganda la waya. Pale unapounganisha waya funga tepu vizuri. Ukimaliza, fungua mlango ushike, zima swichi, uangalie ukijifunga wenyewe mpaka kitasa kiingie. Ukisita mwishoni legeza ile skrubu ya pili robo mzunguko, na ujaribu tena mchana jua likiwa kali, usiridhike na jaribio la asubuhi.